Mwezi wa Saba Hakuna Wingu

Waliniambia ankara zote zimepanda winguni.
Nikatoka nje ya depo, kiganja juu ya nyusi:
mwezi wa saba, Lubumbashi,
mbingu kavu kama sahani iliyofutwa,
vumbi jekundu, bomba refu la kiwanda,
wala kipande cha wingu cha kufutia jasho.

Delphin, kijana wa kompyuta, akacheka kwa adabu.
«Wingu hilo, Mama Ngoie, ni mashine za watu
huko mbali, kwenye vyumba vya baridi, hazilali.
Tumezipa miaka yako ishirini na miwili.
Zinajifunza kwako.»

Miaka yangu! Nilidhani imo kabatini,
katika madaftari yaliyoliwa pembe na mende,
na lile doa la mafuta ya samaki
siku niliyokula huku naandika.

Sasa lori la saruji likivuka Kasumbalesa
wingu linajua kabla dereva hajapiga simu.
Nani alipwe, nani angoje, mzigo upi upakiwe kwanza:
nikimeza tonge moja la bukari
limekwisha kuamua mara arobaini.
Muhuri wangu umekaa kando ya kikombe,
wino ukikauka
kama ulimi wa mtu asiyeulizwa.

Mwezi wa tisa Bwana Kyungu akaniita.
Kwenye kioo, jina la Masengo, muuza unga:
Amechelewa kulipa. Aongezwe siku kumi na tano.
Sababu: barabara mbaya.
«Barabara ipi?» akauliza mkubwa.
«Kutoka hapa hadi soko la Kenya
mtu hufika hajamaliza chungwa moja.»

Nikanyamaza. Barabara ile niliichimba mimi.
Kila shule zikifunguliwa, Masengo akija
na watoto wanne na madeni mawili,
niliandika: barabara mbaya.
Miaka tisa, uongo ule ule, mwandiko ule ule,
na wingu, mwanafunzi mtiifu,
limeukariri kama sala.

Nusu niliona aibu. Nusu, sitaficha, nilitaka kupiga kigelegele.
Kumbe hata huruma huacha hesabu nyuma yake.

Lakini chini ya jina lake, jina jingine.
Banza: akataliwe. Banza: akataliwe. Akataliwe.
Banza alinitukana mbele ya wapakiaji
nami nikamfungia mlango kwa wino.
Banza amekufa.
Huyu ni mwanawe. Hata sura simjui.

«Futa hapo,» nikamwambia Delphin.
«Haifutiki kama chaki, Mama.
Chumvi ikishaingia mchuzini nani aliwahi kuichopoa?
Ongeza maji. Lipe mifano mipya, mingi.»

Basi jioni, wapakiaji wakishanawa,
nakaa mbele ya kioo, miwani puani.
Banza mtoto: aruhusiwe. Sababu: analipa.
Linakataa.
Banza mtoto: aruhusiwe.
Linakataa. Umeme unakatika. Nangoja gizani,
unarudi, narudia.
Ndivyo nilivyomfundisha kitinda mimba wangu
kufunga kamba za viatu.

Na Masengo? Pale nilifuta barabara.
Mahali pa sababu niliandika, kwa mara ya kwanza, sababu:
karo ya watoto wanne.
Bwana Kyungu alisoma. Akakohoa.
Hakusema ndiyo, hakusema hapana,
akaomba chai.

Jana, mwezi wa kumi,
mjakaranda umemwaga maua juu ya bati la depo,
nikaona weusi upande wa Zambia,
wingu hasa, lenye tumbo.
Tone moja, mawili, bati likaitika.
Delphin akakimbilia madirisha.
Mimi nilibaki na kioo.

Banza mtoto: aruhusiwe?

Lilikuwa halijawahi kuniuliza.