Ratiba ya Ijumaa, Nizwa

Saa moja kasorobo asubuhi: soko la mbuzi.
Fikeni mapema, nawaambia wageni wangu,
simameni nyuma ya duara, msiinue mkono.
Hilo la mkono nililiongeza baadaye.

Bi Mize wa Wete hakuambiwa.
Alikuja kwa tikiti ya mwanawe, siku nne tu,
kanga juu ya buibui, kwa sababu, alisema,
baridi ya ndege haijamtoka mifupani.
Mbuzi wakazungushwa, wenyewe wakikimbia nao,
dalali koo limemkauka: themanini! themanini na mbili!
Kanga ikamteleza begani.
Akainua mkono kuirudisha.

Kamba ikatua kiganjani mwake
sijafungua hata mdomo.

"Meno anayo," akasema, keshampanua mbuzi kinywa
kwa kidole gumba. "Lakini themanini na tano ni wizi."
Na dalali, mzee wa ndevu za hina,
akamjibu kwa Kiswahili cha Ng'ambo, safi kabisa:
"Bibi, mkono ukishasema haurudi kifuani."
Wakacheka wao wawili.
Mimi nilikuwa nahesabu noti.

Saa tatu: ngome.
Mnara wa duara, mpana kuliko kiwanja cha mpira cha mtaani kwetu,
na juu ya ngazi matundu ambamo zamani
asali ya tende ikichemka walimwagiwa maadui.
Mlinzi akamkataa mbuzi.
"Kibao kinachokataza kiko wapi?" Hakikuwepo,
ila mlinzi alikuwepo. Basi akapanda peke yake,
mimi chini na kamba, Wajerumani wakinipiga picha.
Aliposhuka hakutaja mitende,
wala milima ile ya rangi ya kutu.
"Asali," akasema, "kumwagia watu."
Akatikisa kichwa mpaka kwenye gari.

Saa nne na nusu: halwa, kwa kahawa chungu.
Alionja, akafumba macho, akaonja tena.
"Hii na ya Wete ni mtu na dada yake."
Nikamuuliza mkubwa nani.
"Hilo ndilo waliloligombania."

Birkat al-Mawz: magofu ya udongo, migomba, maji ya falaji
yanayopita kimya kama mtu mwenye adabu.
Hatukushuka. Mbuzi alikuwa amelala.
Kwenye kizuizi cha kupandia mlimani
askari alikagua magurudumu, akachungulia ndani.
"Abiria wangapi?" Nikajibu, mmoja.
Nyuma kukapigwa chafya.

Kwenye kona za Jabal Akhdar mbuzi alikula ratiba.
Alianza na msikiti mkuu wa Muscat, wa kesho,
akaja kwenye soko la Matrah, la keshokutwa,
akabakisha pembe moja tu, yenye namba yangu ya simu.

Saa tisa, al-Ayn. Waridi limekwisha,
komamanga bado mabichi, ngumu kama ngumi.
Mashamba yanateremka ngazi kwa ngazi hadi kwenye utupu,
na hapo ndipo husema: karibuni, pigeni picha.
Bi Mize alilipa bonde kisogo.
Alikuwa ameinama na mama mmoja wa pale, Ghaliya,
mikono yao minne chini ya tumbo la mbuzi.
Huyu Kiarabu cha mlimani, huyu Kipemba.
Nikasogea kutafsiri. Hawakunihitaji.
"Ana mimba," wakaniambia, kila mmoja kwa lugha yake,
kama kwamba kosa ni langu.

Ndege haipandi mbuzi. Kamba ikabadili kiganja.
Sharti likakatwa kwa vidole:
kila uzao, mmoja wa Wete.

Mwaka wa tatu huu.
Ratiba yangu mpya ina mstari mmoja wa ziada,
saa tisa, al-Ayn, mapumziko ya robo saa,
bila maelezo.
Wageni hupiga picha bonde.
Mimi hupiga picha mbuzi, watatu wake sasa,
mmoja ana doa jeupe kwenye paji,
na kabla sijawasha gari simu huwa imeshalia:
"Huyo wa doa, mbona amekonda?"