Ana Kifua

Wiki ya tatu panya wa barafu anayeyuka bure sahanini.
"Anajivua gamba tu," Veikko alisema, "mwache."
Lakini gamba lilibanduka vipandevipande
kama karatasi za ukutani nyumba ya marehemu,
kimoja kikasalia juu ya jicho.

Nje theluji imemeza baiskeli.
Aulikki anazima redio asikie:
mluzi mwembamba, povu puani,
kichwa juu, juu, kama anayezama.

Chatu halalamiki. Hana hata kope za kufumba.

Anamtia katika foronya,
foronya kifuani, koti juu yake,
na kwenye tramu ya Tampere bibi mmoja ananong'ona:
"Ana miezi mingapi?"

"Miaka tisa," anajibu.
"Ana kifua."