Kuhamisha Kitovu

Barua imekuja Jumanne, karatasi nzito,
nembo ya yangeyange juu kushoto, mguu mmoja majini.
"Kutokana na ushindani wa soko," imeanza,
"Shirika linahamisha kitovu cha safari zake fupi
kutoka Kilimanjaro kwenda Mwanza."
Ndege nne, viti hamsini kila moja.
Niliisoma nimesimama, koni ya chungwa kwapani.

Kitovu.
Nikampigia mama Kibosho, nikamsomea.
Akanyamaza. Nikasikia ng'ombe anacheua.
"Kitovu cha nani?"
Cha ndege, mama.
"Ndege nazo zina kitovu?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Changu kipo chini ya mgomba wa mshare, nyuma ya zizi.
Mgomba ule ulizaa, ukakatwa, chipukizi lake likasimama pale pale,
na mama akipita na ndoo humwaga kidogo, bila kutazama.
"Kitovu hufukiwa," akasema.
"Kikihama hicho ni kitu kingine, kitafutieni jina."

Miaka tisa nimeziita kwa mikono.
Watu hudhani ndege inajua pa kusimama.
Haijui. Inashuka na akili zake zote,
ikigusa lami inakuwa ndama,
inanitafuta mimi na vibao vyangu viwili:
njoo, njoo, kushoto, njoo, taratibu,
hadi mikono ipishane juu ya kichwa
na vumbi la Boma linikwame kwenye meno.

Kisha wakaja wale wa mkia mwekundu,
tiketi ya Dar nusu bei,
tangazo lao hadi kwenye kibanda cha chipsi Pasua.
Watu wakahama. Nani wa kumlaumu?
Mimi mwenyewe nilimkatia Elifuraha, mdogo wangu, tiketi yao
alipoitwa kwenye usaili,
nikaichana risiti ndogondogo kabla ya zamu.
Elfu thelathini niliyookoa
huenda ndiyo iliyozidi kwenye mizani.

Nanyaro wa mizigo amejiandikisha kwenda.
Ana watoto watatu shuleni, na sato, anasema, haumchoshi mtu.
Bwana Kimambo alituita chini ya feni iliyoharibika:
"Si kufunga, jamani. Ni kunyoosha mtandao,"
akanyoosha tai yake.
Mwisho wa majina, Ijumaa saa tisa.

Alhamisi, ya mwisho. Saa kumi na mbili na dakika arobaini.
Abiria kumi na wanane, mmoja na maua ya Usa River kwenye boksi.
Mlima ulijifunika, kama mwenye nyumba asiyetaka kuaga.
Nikatoa vizuizi vya tairi, nikainua kidole gumba.
Rubani (simjui jina, namjua kidevu)
akawasha taa mara mbili,
jambo ambalo halimo kwenye kitabu chochote.
Ikageuka, ikaenda.
Matone manne ya mafuta yakabaki kwenye lami.
Nikayafukia kwa mchanga, kama kanuni inavyotaka.

Ijumaa sikukataa, mtu asinipe ushujaa.
Nilifika dirishani saa tisa na robo.
Pazia lilikuwa limeshushwa
na kalamu imefungwa kwa uzi wake.

Leo Kiboriloni, lori la ndizi linarudi kinyumenyume
kati ya meza za nyanya, utingo amelala juu ya mikungu,
kila mtu anapiga kelele, kila mmoja na upande wake.
Mikono ikapanda yenyewe:
njoo, njoo, kushoto, njoo, taratibu.
Jicho la dereva likanipata kwenye kioo, akatii.
Nikapishanisha mikono. Akazima.
Mama mwenye nyanya akanipa mbili, moja imebonyea.

Jioni mama kapiga, ananung'unika:
siku ya pili hii amechelewa kukamua.
Alilala akisubiri ile ndege ipite.