Kipimo cha Kioo

Fundi Shebwana kapima ukuta mara tatu:
juu sabini na nane, katikati themanini,
chini themanini na moja na kitu.
"Nyumba za Kuze," akacheka, "hazijui mraba.
Bila fremu, bibi, maji yatakutoroka."

Chuma nilikikataa kabla hajamaliza kukitaja.
Kisima chetu chumvi, hewa chumvi,
bawaba za jikoni zilikufa kwa kutu mwaka juzi.
Alumini basi. Nyeusi? Ya shaba?
Nyeupe, nikasema, nisihesabu madoa.

Kikabaki kioo.
Mume wangu, tangu kiharusi kimlaze mkono,
huoga peke yake, hataki mlinzi.
"Cha ukungu," akaagiza kutoka kitandani.
"Mimi si samaki wa kutazamwa."
Mimi nilitaka angavu.
Mwezi wa Rajabu alianguka humo,
nami nikadhani ni ndoo.

Tulinuniana siku mbili.
Ya tatu nikamfuata Shebwana karakanani,
nikamchorea kwa kidole kwenye vumbi la meza:
ukungu kuanzia goti kwenda juu, sitara yake;
chini, shubiri mbili, wazi kabisa,
nikipita na birika
nione nyayo zimesimama.