Tundu la Kupindulia

Don Ismael, aliyenifundisha kazi, hakupenda kuona
cherehani ikisogelea bitana.
"Nje shona kwa mashine, dunia ina haraka zake," alisema,
"lakini ndani ni kwa mkono. Ndani ni mtu."
Alikufa na kidole chake cha shahada kimetoboka kama chekeche.

Mimi vidole vyangu vimevimba viungoni,
na Montevideo mwezi wa Julai haina huruma na viungo:
upepo unapanda kutoka mtoni mpaka huku Goes,
unapita chini ya mlango, unakaa nami kitini.
Kwa hiyo nisamehe, don Ismael. Au usinisamehe.
Nimeshaweka mguu kwenye kanyagio.

Koti ni la Washington Olascoaga, mbeba majeneza,
miaka ishirini na sita katika kampuni ileile ya mazishi,
bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto.
Alilileta limekunjwa ndani ya gazeti,
bitana ya kijivu imechanika toka kwapani hadi kiunoni.
Nikamtandazia vijivu vitatu achague.
Hakuvitazama. Alitazama rafu ya juu,
lilipobaki pande la satini ya kanivali
la mwaka ule kikundi cha mtaa wetu kilipovaa kasuku:
kijani kibichi, na miraba ya rangi ya chungwa.
"Ile," akasema,
kwa sauti ya mtu anayeulizia dawa ya ugonjwa wa aibu.
"Kwani nani ataiona?"

Satini huteleza. Satini ni mwongo mwenye tabasamu.
Nimeibana kwa pini thelathini na moja,
uso kwa uso na ule weusi,
kama majirani waliogombana wakilazimishwa kupeana mikono.
Nimeanzia ukosini, nikashuka kifuani,
nikazunguka pindo, nikapanda upande wa pili,
na katikati ya mgongo nikaacha mkunjo,
maana mwenye kubeba huinama,
na bitana isiyo na nafasi hupasuka kabla ya mtu.

Sasa kila kitu kimeshonwa
na kila kitu kiko kinyume.
Koti limejifungia ndani, halina mlango
ila tundu nililoliacha makusudi
katika mshono wa mkono wa kushoto,
upana wa kiganja, basi.
Naingiza mkono. Napapasa. Nashika ukosi, navuta.
Baba yangu kule Tacuarembó alivuta ndama hivihivi,
mkono umezama mpaka kiwikoni,
akitukana polepole ili asimtishe mama ng'ombe.
Linatoka bega. Linakwama. Linatoka bega la pili,
halafu mgongo wote kwa mkupuo mmoja,
jeusi, limekunjamana, la moto kwa mikono yangu.

Na mkono wa kulia umejisokota kama kamba ya kisima.

Niliushona ukiwa umejizungusha. Mara moja tu, lakini mara moja yatosha.
Sitaandika hapa nilichosema.
Nikalirudisha koti lote tumboni mwake,
nikafumua, nikanyoosha, nikashona upya,
na chai chungu ikapoa ndani ya kibuyu chake,
na picha ya don Ismael ukutani haikusema kitu,
ambayo ndiyo ilikuwa desturi yake
akiwa amekasirika.

Tundu nimelifunga kwa mashine pia:
kingo mbili ndani, mshono mmoja ukingoni,
urefu wa kidole. Siri ya koti aijuaye bitana.

Ijumaa alikuja. Alitia mkono, mkono ukapita bila sauti.
Alifunga vifungo vyote vitatu, akawa mtu wa msiba.
Akalipa kwa noti zilizokunjwa mara nne.
Pale mlangoni upepo ulimshika ubavuni, ukafunua,
kasuku akaruka, kijani, nusu sekunde,
naye akaziba kwa kiganja
kama anayeziba kicheko kanisani.

Nikarudi kuokota pini sakafuni.
Nimezihesabu mara mbili.
Ziko thelathini.