Pembezoni mwa Fomu

Jedwali liko ukurasa wa tisini na moja:
gumba na asilimia yake, shahada na yake,
cha kati, cha pete, cha mwisho, kila kimoja na bei
kama samaki waliopangwa kwa ukubwa juu ya barafu.
Herminda Chiguay ameketi mbele yangu,
koti lake lachuruzika mvua ya Quellón,
mkono wa kushoto ameuviringa skafu
kama mtu afichaye mkate.

Saa ngapi?
Saa tisa kasorobo, usiku.
Mashine ipi?
Ya kuchuna ngozi, namba nne,
ile ambayo kizuio chake kimefungwa kwa waya tangu Krismasi.
Naandika *waya*, kalamu inasita:
fomu haina mahali pa waya.
Nauandika pembezoni.

Ulikuwa umevaa glavu?
Hapo anacheka, mara ya kwanza.
"Glavu ndiyo iliyovutwa, bibi. Mimi niliifuata."

Viwili: cha pete na cha mwisho.
Nilijumlisha mara mbili, nikiomba niwe nimekosea kwa faida yake.
Kumi na moja kwa mia.
Fidia ya mkupuo mmoja: yatosha mabati ya jikoni
na deni la dukani kwa Barría, basi.
"Na pete?" akauliza. "Ilikuwemo. Ya marehemu mama."
Jedwali halisemi kitu juu ya mama.

Miezi minne ya kubana mpira,
ya kuokota maharage bakuli hadi bakuli,
ya kufunga vifungo vya shati la mumewe
naye mume kasimama wima kama gwaride, pumzi kaishika,
hata kile cha shingoni kiingie.
Kisha daktari akaandika: *kazi nyepesi*.

Kiwandani wakatafuta chepesi, wakapata kiti.
Kiti mlangoni, na lebo za kuhesabu,
elfu mbili asubuhi, elfu mbili jioni,
lebo ambazo mashine imekwisha kuzihesabu.
Nilikwenda kumwona; sheria yataka ziara.
"Unaona?" akasema msimamizi Eliseo. "Tumemrudisha."

Kurudi.
Neno hilo nimeligonga muhuri katika majalada mia tatu
wala sikuuliza hata mara moja: kurudi wapi?
Kule mstarini wanawake hamsini, bega kwa bega,
wanazungumza kwa nyusi maana kelele zimekula maneno,
na yeye huku, mgongo kaupa upepo,
nyusi zake hazina wa kuzisoma.
"Vidole vilikatika kule," akaniambia.
"Mimi nakatikia hapa."

Nikaandika barua tatu.
Ya kwanza ilijibiwa na kimya, ya pili na wakili,
ya tatu na fundi, aliyeshuka garini na kizuio kipya
cha namba nne, kikingali ndani ya nailoni.
Kikaja kisu cha mpini mnene.
Meza ikashushwa vidole vitatu
(Eliseo mwenyewe alipima hivyo, kisha akaona haya).

Ikabaki glavu.
Vidole viwili vitupu vyaning'inia,
vyainamia mashine kana kwamba vinaikumbuka.
Glavu huja kwa boksi, stoo wakasema,
na boksi linajua mkono mmoja tu.

Jumamosi Yobana, jirani yake wa mstarini,
aliitia mfukoni, akaondoka nayo.
Jumatatu ikarudi imekatwa, imezibwa
kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na gundi,
matone mawili meusi penye vidole.
Herminda akaivaa. Akaijaza maji ya bomba, akaigeuza juu.
Haikuvuja.

Kuna kisanduku: *Vifaa vilivyotolewa na mwajiri*.
Nimeandika kisu. Nimeandika meza.
Nafasi ya tatu nimeiacha wazi,
na pembezoni, chini ya waya, nimeandika:
kiraka. Yobana. Jumapili nzima.