Penseli Mbele ya Kioo

Kompyuta waliyonipa ofisini mwezi wa Oktoba
ni nyembamba kama bahasha,
na ukiifungua, chumba kizima kinageuka samawati.
Ukurasa wa kwanza, sawa.
Wa pili, macho yanawasha kana kwamba nimekata vitunguu.
Wa tatu, kipandauso kinapiga hodi juu ya jicho la kushoto,
na hakingoji kukaribishwa.

Mimi hutafsiri mikataba. Nalipwa kwa ukurasa.
Hesabu mwenyewe.

Daktari Manana alinisomesha herufi za ukutani
mpaka mstari wa mwisho, ule wa sisimizi.
"Macho ya tai," akasema,
akaniandikia miwani ya kumpumzisha tai.
Fundi wa ofisi akaapa kwamba skrini bora kuliko ile haijatengenezwa.
Bosi akasema, nenda milimani, Pikria, ukapumue.
Mama mkwe Tsiala hakusema neno:
alikata kiazi kibichi vipande vyembamba,
akanipanga paji la uso kama mtu anayeezeka paa,
akakaza kitambaa.
Viazi vikapata joto. Mimi sikupata kitu.

Wahenga walisema macho hayana pazia.
Yangu niliyatundikia blanketi dirishani,
mwanga wa skrini nikaupunguza, nikaupunguza,
mpaka maneno yakawa uvumi,
na hapo (hili nililielewa baadaye)
hapo ndipo iliponipiga zaidi.

Badri ana kibanda chini ya stesheni ya Tbilisi,
kati ya muuza chaja na mwanamke wa soksi za sufu.
Anauza kompyuta zilizochoshwa na mabenki.
Sikumweleza mengi; nilishaona haya ya kueleza.
Akachomoa penseli iliyokuwa sikioni,
akawasha kompyuta yangu, ukurasa mweupe, mwanga chini,
akaipunga penseli mbele yake, kulia kushoto, upesi,
na penseli moja ikawa kumi na mbili,
zimeachana, zimesimama, kama vijiti vya ua.

"Inazima," akasema. "Inawaka, inazima, inawaka,
mara mia mbili na ushei kwa sekunde moja.
Jicho halijui. Lakini kuna kitu ndani yako kinahesabu."

Nililia kidogo, palepale, mbele ya soksi.
Si kwamba nilikuwa nimepona.

Tukaanza saa nne asubuhi.
Ya kwanza: vijiti. Ya pili: vijiti.
Ya tatu ilitulia, ila weupe wake ulikuwa na mchanga,
chembechembe zinazotambaa ukijifanya huzitazami.
Ya sita Badri aliisifu sana, kwa sababu ya bei.
Vijiti.
Ya kumi na moja ilitoka chini ya meza, nzito kama tofali,
ya kijivu, ina karatasi ya forodha ya Poti mgongoni,
kitufe kimoja kimeng'oka, betri ya dakika arobaini.
Penseli ikapita mbele yake
ikawa ukungu mmoja laini, kama pumzi juu ya kioo.

Nikavuta kigoda.
Nikasoma mkataba wa kukodisha shamba la mizabibu,
wote, na viambatisho vyake, na saini za mashahidi.
Badri akala mkate wake wa jibini, akajipangusa mafuta kidevuni.
Treni ya Zugdidi ikaondoka.
Nilikuwa nasikilizia ile hodi.
Hakuna aliyebisha.

Jumatatu nilimpelekea bosi penseli.
Nikaipunga mbele ya skrini yake; akaviona vijiti,
akaomba nirudie, akajaribu mwenyewe kwa kalamu,
kisha kwa rula, akicheka kama mtoto.
"Lakini mimi," akasema, "kichwa hakiniumi."

Nikairudisha penseli sikioni.
Nilikuwa na kurasa tisa za kumaliza.